Shajara ya Mradi: Kumuuliza Mfini Anaamini Nini

Tampere, Ufini, Jumatatu 9 Septemba 2024

Dodoso limefika mezani kwangu leo asubuhi. Kurasa kumi na mbili, na juu yake kiongozi wetu wa mradi ameandika kwa kalamu nyekundu: lijaribiwe kwa watu kabla halijaenda kwa mchapaji. Hiyo ndiyo kazi yangu hadi Februari.

Mradi wenyewe si mkubwa. Tunataka kujua Wafini wanaamini nini, wanatenda nini katika mambo ya dini, na katika maadili wanaona lipi linafaa na lipi halifai. Mwakani dodoso litatumwa kwa posta kwa watu watakaochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka rejista ya wakazi wa nchi. Kabla ya hapo mimi nitakaa na watu wachache, mmoja baada ya mwingine, nimsomee mtu swali naye ajibu huku akifikiri kwa sauti. Umelielewaje swali hili? Neno hili kwako lina maana gani? Mbona alama umeiweka hapa, hukuiweka pale? Shajara naiandika kwa Kiswahili kwa ajili ya wenzangu wa nyumbani wanaofanya tafiti za namna hii. Isitoshe, neno la Kifini ninapolileta kwenye Kiswahili ndipo ninapoona limebeba nini.

Ipo sababu nyingine, na hii ni ya moyoni. Kwetu ni Uzaramoni, upande wa Bagamoyo. Mwaka 1952 mwanamke wa Kifini, Marja-Liisa Swantz, alikuja Tanganyika kufundisha. Miaka ya 1960 akaenda kuishi na Wazaramo wa pwani, akajifunza mambo ya mwali na unyago, uganga, mizimu na matambiko. Miaka ya 1970 akawa katika mradi wa Jipemoyo, huko huko wilaya ya Bagamoyo, ambako wanakijiji walihesabiwa kuwa watafiti pamoja na wasomi. Alijua kukaa na watu mpaka mambo yajionyeshe yenyewe. Sasa mimi mjukuu wa Wazaramo nimefika kwao, nami nina karatasi yenye visanduku vya kuweka alama. Nataka niwatendee wema ule ule wa kusikiliza.

Kwa asiyeijua nchi hii: hapa uanachama wa dini huandikwa kwenye rejista ya wakazi. Mwaka 2000 kama asilimia 85 ya wakazi walikuwa katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Sasa ni chini ya theluthi mbili. Waorthodoksi ni kama asilimia moja. Waislamu wanaoonekana kwenye rejista ni wachache kuliko waliopo, kwa kuwa wengi hawajajiandikisha kwenye jumuiya yoyote, ingawa Watatari, wazao wa wafanyabiashara waliotoka Urusi, wana jumuiya yao iliyosajiliwa tangu 1925. Mlutheri hukatwa kodi ya kanisa pamoja na kodi ya mapato, kati ya asilimia moja na mbili na kidogo, kutegemea usharika. Kwa hiyo nani ni wa usharika gani, nchi inajua mpaka mtu wa mwisho. Kinachoaminiwa ndicho hakimo kwenye rejista, na ndicho tunachokitafuta.

Ijumaa 20 Septemba

Mhojiwa wa kwanza ni mama wa miaka sabini na kitu, nesi mstaafu. Alinikaribisha jikoni kwake. Kahawa ilikuwa tayari, na kwenye sahani kulikuwa na pulla, andazi lao la kuoka. Nilipolimega harufu ya hiliki ikanirudisha nyumbani kabisa. Hiliki ya andazi la Kifini ni ile ile ya andazi la pwani.

Swali la nne linauliza kama mtu ni *uskovainen*. Ukilitafsiri kwa kamusi utapata "muumini". Mama yule alijibu kabla sijamaliza kusoma: hapana, hata kidogo. Nikaweka alama. Swali la tisa: huwa unasali? Akatazama dirishani, akanyamaza. Nimeanza kujifunza kutoujaza ukimya wa Mfini. Kisha akasema kila usiku hukunja mikono akawataja wajukuu wake, jina kwa jina, na mmoja ambaye ni mgonjwa humtaja mara mbili. Nikamuuliza anamtajia nani. Akanishangaa: "Mungu, nani mwingine?"

Jedwali letu lingesema: si muumini, husali kila siku. Mtu wa takwimu angedhani kuna kosa la kuingiza data.

Kosa liko kwenye swali. Nimewauliza wengine watano wiki hii, na wote wamenieleza jambo moja kwa maneno tofauti. *Uskovainen* kwa Mfini wa kawaida ni mlokole. Ni mtu aliyeokoka, anayeshuhudia, anayekuuliza kwenye basi kama umempokea Yesu. Mlutheri aliyebatizwa, akapata kipaimara, akafunga ndoa kanisani na anayetaka azikwe na mchungaji, atakuambia kwa unyofu kabisa kwamba yeye si *uskovainen*. Hamkani Mungu. Anachokikataa ni kujitangaza. Wana neno jingine, *tapakristitty*, mkristo wa desturi, ambalo wengine hulitumia kwa dharau na wengine hujiita wenyewe kwa amani.

Nimelifikiria kwa Kiswahili. Ukimsimamisha mzee wa Kilutheri wa Machame ukamuuliza, "Wewe ni mlokole?", ataweza kusema hapana huku ameshika Biblia mkononi. Ukiandika kwamba haamini, umemsingizia. Basi ndivyo dodoso letu lingewasingizia maelfu ya Wafini.

Swali la kumi na moja nalo lina mtego wake. Limechukuliwa kwenye tafiti za Ulaya, na lina majibu matatu: naamini kuna Mungu, naamini kuna roho au nguvu fulani ya uhai, siamini kuna kati ya hivyo. Katika utafiti wa Eurobarometer wa mwaka 2010 Wafini asilimia 33 walichagua Mungu, 42 walichagua roho au nguvu ya uhai, 22 wakachagua la mwisho. Hilo kundi la katikati, ambalo ndilo kubwa, ni watu gani? Dereva wa basi niliyemhoji Jumatano alilichagua akiwa na maana ya ule utulivu unaomshika anapokuwa peke yake ziwani alfajiri. Mwalimu niliyemhoji Alhamisi alilichagua akiwa na maana ya Mungu yule yule wa Biblia, ila hataki ajibu kama anayefanya mtihani wa katekisimu. Wawili hawa wamekaa kisanduku kimoja na hawafanani hata kidogo.

Alhamisi 3 Oktoba

Fomu za ridhaa zimekamilika. Sheria ya Ulaya ya ulinzi wa data inaiweka dini kwenye kundi moja na afya na siasa, mambo ambayo huruhusiwi kuyakusanya hivi hivi. Majina yametengwa na majibu, rekodi za sauti zitafutwa zikishanakiliwa. Data ya mwisho tutaiweka kwenye hifadhi ya taifa ya data za sayansi ya jamii, ambayo iko hapa hapa Tampere.

Jumanne 15 Oktoba

Wiki nzima nimesoma tafiti za waliotutangulia. Kanisa la Kilutheri lina taasisi yake ya utafiti, na kila baada ya miaka minne hutoa taarifa nzito kuhusu hali ya imani nchini. Nasema wazi kwamba nawaheshimu: taarifa zao haziwabembelezi waliowaajiri.

Takwimu moja imenikalisha macho. Mwaka 2007 asilimia 37 ya waliohojiwa walisema wanamwamini Mungu kama Ukristo unavyomfundisha. Mwaka 2011 walikuwa asilimia 27. Miaka minne tu.

Katikati ya miaka hiyo kuna Oktoba 2010. Televisheni ya taifa ilirusha mjadala kuhusu haki za mashoga, na yaliyosemwa humo na waliotetea msimamo wa kihafidhina yaliwachoma watu wengi. Tangu sheria ya uhuru wa dini ya mwaka 2003, kutoka Kanisani hapa ni jambo la kujaza taarifa fupi tu, na mwaka huo huo wanafikra huru wa Tampere, chama cha watu wasiofuata dini, walifungua tovuti ya kurahisisha kazi hiyo. Baada ya mjadala ule watu walitoka kwa makumi ya maelfu ndani ya siku chache. Kwa mwaka mzima walizidi 80,000. Miaka minne baadaye, Novemba 2014, Bunge lilipopiga kura ya kuikubali ndoa ya jinsia moja, askofu mkuu wa wakati huo, Kari Mäkinen, alieleza kwamba anafurahi pamoja na waliofurahi. Watu wakatoka tena kwa maelfu. Safari ya kwanza wengi waliona Kanisa limekuwa gumu mno, safari ya pili wengi waliona limelegea mno. Mlango ni mmoja, wanaoutumia wanatazama pande mbili.

Hoja yangu kwenye kikao cha leo ilikuwa hii: mtu aliyekasirishwa na Kanisa mwaka 2010, ukimuuliza mwaka 2011 kama anamwamini Mungu "kama Ukristo unavyofundisha", anasikia neno la pili kabla ya la kwanza. Anajibu kuhusu waliosema kwenye televisheni. Mwenzangu wa takwimu hakukubali moja kwa moja. Alinionyesha michoro ya vizazi: kila kizazi kinachozaliwa kimekuwa kikiamini kidogo kuliko wazazi wake, na hilo halihitaji televisheni. Ana haki. Mporomoko upo. Ila mimi nashikilia kwamba mporomoko wa imani hauendi kasi hiyo, na kwamba sehemu ya pengo lile ni hasira iliyoandikwa kwenye safu ya imani. Tumekubaliana jambo moja: maswali ya Mungu yasikae tena nyuma ya maswali ya Kanisa.

Jumamosi 2 Novemba, Siku ya Watakatifu Wote

Sikupanga kufanya kazi leo, lakini naandika.

Saa kumi jioni giza lilikuwa limeshaanza kushuka. Nilikwenda makaburi ya Kalevankangas. Kwenye lango nilikuta familia zimepanga foleni isiyo na kelele, kila mtu ana mfuko wenye mishumaa ya makaburini, ile ya ndani ya kopo la plastiki yenye kifuniko ili upepo na mvua visiizime. Mvua ilikuwa ya manyunyu. Baba mmoja alichuchumaa mbele ya jiwe na watoto wawili. Mdogo akapewa kiberiti kirefu, njiti ya kwanza ikazima, ya pili ikazima, baba hakumnyang'anya. Ya tatu ikashika. Wakasimama kitambo. Hakuna aliyesema neno wala kufanya ishara ya msalaba. Kisha baba akapangusa majani yaliyolowa juu ya jina, kwa kiganja, kama unavyompangusa mtoto vumbi mgongoni, wakaondoka.

Mbele kidogo kuna mahali pa kuwakumbuka waliozikwa kwingine. Hapo mishumaa ilikuwa mingi kuliko popote. Nilisimama karibu na bibi mmoja aliyeniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba wazazi wa mama yake wamelala Karelia. Baada ya vita Ufini ilipoteza sehemu kubwa ya eneo hilo kwa Umoja wa Kisovyeti, na zaidi ya watu 400,000 walihamia upande huu; makaburi ya wazee wao yakabaki ng'ambo ya mpaka. Hao nao huwashiwa hapa. Nami nikasimama pembeni, nikamsomea Fatiha bibi yangu aliyelala Bagamoyo. Mahali pale palinitosha.

Nimerudi nyumbani nikafungua dodoso kwenye sehemu ya ibada. Linauliza: ukiacha harusi, mazishi na ubatizo, huenda kanisani mara ngapi? Najua kwa nini swali limetungwa hivyo. Watunzi wake walitaka kumtenga mwenda ibada wa kweli na mgeni wa sherehe. Katika nchi ambayo wanaokwenda ibada kila wiki hawafikii mtu mmoja kati ya kumi, jibu unalijua kabla ya kuuliza. Swali limeviacha nje vitu vile vile ambavyo Mfini huvifanya kwa moyo wake wote. Kuhusu makaburi hakuna hata mstari mmoja. Mtu aliyesimama kwenye manyunyu na mtoto na kiberiti atatokea kwenye data yetu kama mtu asiye na tendo lolote la dini mwaka mzima.

Nimeandika pendekezo la swali jipya: katika miezi kumi na miwili iliyopita, umewasha mshumaa kwenye kaburi au mahali pa kumbukumbu? Na la pili lake: ulipokuwa pale, ulisali, ulinyamaza, au uliwakumbuka tu?

Jumatatu 4 Novemba

Kikao kimekuwa kirefu kwa sababu ya mshumaa. Mmoja wetu anasema hiyo ni mila, si dini, na tukiiingiza tutaongeza dini pasipo na dini. Nikamjibu kwamba hatumwiti mtu chochote. Tunamuuliza alichofanya, halafu tunamwachia yeye aseme kilikuwa nini. Swali limepita.

Alhamisi 14 Novemba

Maadili sasa. Sehemu hii inatumia kipimo cha tafiti za maadili za Ulaya na dunia, ambazo Ufini imeshiriki tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Unasomewa matendo: kukwepa kodi, kupokea rushwa, kupanda treni bila kulipa nauli, talaka, kutoa mimba, kumsaidia mgonjwa asiye na tumaini afe, na mengine. Kwa kila tendo unatoa namba, 1 ikiwa haliwezi kuwa halali hata siku moja, 10 ikiwa ni halali wakati wote. Kuna pia swali la umuhimu wa Mungu maishani mwako, nalo ni 1 hadi 10.

Tatizo la kwanza ni la shule, na limenifurahisha kuligundua. Mwalimu mmoja alimpa Mungu 4. Nikadhani amemweka karibu na katikati. Alipofikiri kwa sauti akasema: "Nne, maana hapo ni kufeli." Shule za Kifini hutoa alama kuanzia 4 hadi 10, na 4 ndiyo ya kuanguka. Mfini aliyesoma hapa ameishi na kipimo hicho tangu utotoni. Akiona 1 hadi 10 macho yanakwenda kwenye ripoti ya shule. Saba kwake ni wastani tu, ilhali kwa Mtaliano anayejibu swali lile lile saba huenda ni ya juu. Namba moja, nchi mbili, maana mbili. Nimewaandikia wenzangu tutumie 0 hadi 10, kwa kuwa sifuri haimo kwenye ripoti ya shule na itamtoa mtu darasani, na ncha zote mbili ziandikwe kwa maneno.

Tatizo la pili ni zito zaidi. Wiki hii nimehoji watu wawili walio mbali kwa imani kama mashariki na magharibi. Mmoja ni kijana wa chuo aliyetoka Kanisani akiwa na miaka kumi na minane. Mwingine ni mama aliyekulia kaskazini katika uamsho wa Kilestadio, ule uliotokana na mchungaji Lars Levi Laestadius katika karne ya 19. Watu wa tawi kubwa la uamsho huo hufundishwa wasipange uzazi, wengi wao hawaweki televisheni nyumbani, na mikutano yao ya kiangazi hukusanya makumi ya maelfu ya watu uwanjani. Kwenye talaka kijana alitoa 9, mama 2. Kwenye kutoa mimba kijana 10, mama 1. Kwenye ndoa ya jinsia moja, ambayo imekuwa sheria tangu Machi 2017, hawakukaribiana hata kidogo.

Tulipofika kwenye kodi, kijana alisema 1. Mama alisema 1. Rushwa, 1 na 1. Kijana akaeleza: "Kodi ndiyo iliyomlipia mama yangu hospitali." Mama akaeleza: "Ni kumwibia jirani, na jirani ni sura ya Mungu." Walifika mahali pamoja kwa njia mbili.

Mwenzangu wa takwimu anataka swali la kodi liondolewe. Hoja yake ni ya kitaalamu: swali ambalo karibu kila mtu analijibu sawa halikusaidii kutofautisha watu. Naielewa. Lakini mimi nataka libaki, na nimesema hivyo kwa sauti kubwa kuliko ilivyo desturi ya vikao vya hapa. Tunatafuta maadili ya Wafini. Jambo ambalo mlestadio na asiye na dini wanalishika kwa mkono mmoja ndilo lililo karibu zaidi na msingi wao kuliko yote tunayoyauliza. Hapa kila Novemba mamlaka ya kodi huweka wazi taarifa za kodi, na magazeti huchapisha kipato cha wenye nacho. Wenyewe huiita siku ya wivu. Fikiria nchi ambako jambo hilo linafanyika na watu wanaendelea kusalimiana. Nyumbani tumezoea kudhani maadili ni mambo ya chumbani. Wawili hawa wamenikumbusha kwamba hata risiti ni suala la haki ya Mungu na haki ya mja.

Alhamisi 5 Desemba

Tumejadili sampuli. Ukichukua watu kwa bahati nasibu nchi nzima, Helsinki na miji ya kusini inameza hesabu, na Pohjanmaa, ule ukanda wa magharibi wenye nyumba nyingi za sala, unabaki na watu wachache mno wa kusemea. Tutaongeza sampuli kaskazini na magharibi kisha tusawazishe kwa uzito. Karelia ya Kaskazini nayo, kwa ajili ya Waorthodoksi. Toleo la Kiswidi ni lazima: kama asilimia tano ya wakazi ndiyo lugha yao.

Kesho ni siku ya uhuru. Jioni watu huweka mishumaa miwili dirishani. Nitaiweka na mimi.

Jumatano 8 Januari 2025

Mama amepiga simu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Hao watu wako wanasali?" Nikamwambia wanasali, ila hawasemi. Akanyamaza kidogo. "Basi wanafanana na marehemu babu yako," akasema, na hakuhitaji kunieleza. Babu hakuwa mtu wa kuonekana msikitini kila saa, lakini alfajiri ungemsikia nyuma ya mlango. Nimeandika maneno ya mama kwenye karatasi na kuyabandika juu ya kompyuta.

Leo nimehoji kijana wa miaka kumi na saba. Hapa kipaimara huandaliwa kwa kambi. Katika umri wa miaka kumi na mitano vijana hukaa kama wiki moja, mara nyingi kando ya ziwa, wakijifunza, wakiimba, wakioga sauna na kurukia majini. Wengi wa rika lile bado huhudhuria, hata wa familia ambazo hazionekani kanisani. Wasio na dini wana kambi yao, Prometheus. Kijana huyu alirudi mwaka uliofuata kuwa msaidizi, *isonen*, kama wafanyavyo wengi. Nilimuuliza kilichomrudisha. "Ni mahali pekee watu wazima waliniuliza ninafikiri nini, halafu wakasubiri jibu." Tafiti za Kanisa za miaka ya karibuni zimeonyesha jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: kwenye kambi hizi wavulana wanaosema wanamwamini Mungu wameongezeka, mpaka wakawapita wasichana. Mwenzangu wa takwimu amekiri kwamba michoro yake ya vizazi haina jibu la hilo. Ameiweka upande, anataka kuanza upya.

Neno moja limerudi mara nyingi kwenye mahojiano haya na sijaliandika bado: *hiljentyä*. Ni kitendo kilichojengwa juu ya ukimya. Mtu anajituliza, ananyamaza ndani na nje. Hulitumia kanisani, makaburini, msituni. Wana hata msemo kwamba kwenye sauna inakupasa ukae kama uko kanisani. Kiswahili kina kutulia, kina kunyamaza, kina kutafakari, na hakuna hata moja linalolifikia peke yake. Nilipowauliza wahojiwa kama "husali", wengi walisita. Nilipowauliza kama huwa na wakati wa *hiljentyä* kwa ajili ya mtu fulani, walianza kutaja majina.

Ijumaa 14 Februari

Dodoso limefungwa. Neno *uskovainen* limeondoka. Maswali yanaanza na matendo: mshumaa, sala ya kulala na watoto, kunyamaza kwa ajili ya mtu, wimbo. Kisha yanakuja ya imani, na ya Kanisa kama taasisi yamewekwa mwisho. Kodi na rushwa vimebaki. Kipimo ni 0 hadi 10.

Jambo gumu lilikuwa uzi wa miaka mingi. Ukibadilisha maneno ya swali, huwezi tena kulilinganisha na majibu ya miaka ya 1980 na 1990, na hazina hiyo hatuna haki ya kuitupa. Tumeamua kugawa sampuli nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza watapata maswali ya zamani neno kwa neno, kwa mpangilio wa zamani na kipimo cha zamani. Nusu ya pili watapata yetu. Tofauti kati ya nusu hizo mbili itatuonyesha ni kiasi gani cha mporomoko kiko mioyoni na ni kiasi gani kiko kwenye karatasi. Hiyo ndiyo namba ninayoingoja kuliko zote.

Jana nilirudi kwa nesi mstaafu na toleo jipya. Kahawa ile ile, pulla ile ile. Alisoma mwenyewe safari hii, miwani ikiwa puani, kidole kikifuata mstari. Kwenye swali la kunyamaza au kusali kwa ajili ya mtu aliweka alama kwenye "kila siku" bila kuinua kichwa. Akafika swali la Mungu, akalisoma mara mbili, akaweka alama kwenye "naamini, kwa namna yangu". Nikamuuliza kama kuna neno linalomsumbua. Akasema hakuna. Mjukuu wake amepona.

Faili linakwenda kwa mchapaji Jumatatu. La Kiswidi litafuata wiki ijayo.